Korosho Iingie Darasani

Leo tuzungumze habari ya shule, na hasa swali ambalo kila mzazi amewahi kujiuliza akiwa anatafuta hela ya sare na madaftari: haya anayofundishwa mwanangu, yametokana na shida ya nani?

Swali hili si geni. Mwezi Machi mwaka 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake mlikuwa na hesabu moja ambayo hadi leo inatosha kumkosesha usingizi kila anayeshika chaki. Kati ya watoto 100 waliosoma shule ya msingi, ni kama 13 tu waliokuwa na matumaini ya kupata nafasi ya sekondari. Hata hivyo masomo yote ya msingi yalipangwa kwa ajili ya hao 13. Wale 87, waliokaa nao dawati moja na kuandika imla moja, walipoteza miaka yao wakiandaliwa kwenda mahali ambapo hawangefika, kisha wakarudishwa kijijini wakiwa na cheti cha kuambiwa wameshindwa.

Dawa aliyoipendekeza Mwalimu ilikuwa kuifungamanisha shule na maisha ya watu wanaoizunguka. Umri wa kuanza darasa la kwanza upandishwe, ili anayemaliza awe na nguvu na akili ya kushika kazi. Shule iwe na shamba au karakana. Na kuna jambo alilolisema ambalo wengi wamelisahau: wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi za shamba, hesabu zitunzwe, nao wawe na sauti katika kuamua kilichopatikana kitumikeje. Shamba lilikusudiwa kuwa mahali pa kusomea. Mtoto aone tofauti ya tuta lililotiwa mbolea na lisilotiwa, apime, aandike, aulize kwa nini.

Msikilizaji, wengi tuliosoma miaka iliyofuata tunakumbuka mambo yalivyokwenda. Kengele ya mchana ikilia, kila mtu na jembe lake, mwalimu wa zamu yuko kivulini na fimbo. Aliyechelewa namba kapewa kipande cha kulima, aliyepiga kelele darasani kapewa kipande kikubwa zaidi. Kazi ikageuka adhabu. Hakuna aliyepima chochote, na mahindi yalipovunwa katika shule nyingi wanafunzi hawakuonyeshwa hata ukurasa mmoja wa mapato. Kisha mtihani wa darasa la saba ulipokuja, haukuuliza habari ya lile shamba. Uliuliza yale yale ya kuwachagua wachache wa kwenda sekondari. Mzazi si mjinga. Alipoona mtihani unatazama huku na shamba liko kule, alijua lipi ni la kweli, akamwambia mwanawe asome vitabu ili siku moja aepukane na jembe.

Ndiyo maana nasema kwamba mahitaji ya jamii hayaingizwi shuleni kwa kuwapa watoto majembe. Yanaingizwa ndani ya masomo yenyewe: ndani ya hesabu, ndani ya biolojia na kemia, ndani ya insha ya Kiswahili, na ndani ya mtihani. Yakibaki nje ya dirisha la darasa, ni kibarua tu, na kibarua hakijamsomesha mtu.

Wala haikuwa kwamba nchi hii haikujua kufanya hivyo. Katika miaka hiyo hiyo, elimu ya watu wazima ilionyesha njia. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na redio ndiyo iliyoibeba. Takribani watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusoma, vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kidogo sura kwa sura, wakajadiliana kwa muda wa wiki 12. Walijadili malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, magonjwa waliyokuwa nayo nyumbani mwao. Na kila kikao kiliishia kwenye swali moja: sisi hapa tufanye nini? Watu wakatoka wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Mtu ambaye hakuwahi kuliona darasa alijifunza kwa sababu kilichosomwa kilihusu homa ya mtoto wake. Hapo maarifa na uamuzi vilikaa kikao kimoja.

Sasa twende kusini, Mtwara, Tandahimba na Newala, tuitazame korosho. Naichagua korosho kwa sababu kule ndiyo karo, ndiyo bati, ndiyo mahari. Msimu ukiwa mzuri pikipiki mpya zinajaa barabarani, ukiwa mbaya maduka yanafungwa mapema. Mtoto wa kule huijua korosho kabla hajaijua herufi a.

Mikorosho ikianza kuchanua, kuna adui anayekuja kimya kimya. Maua yanaonekana kama yamemwagiwa unga mweupe, kisha yanakauka na kudondoka, na pamoja nayo korosho za mwaka mzima. Wakulima wanamwita ubwiriunga. Ni ugonjwa wa kuvu, na dawa yake kubwa kwa miaka mingi imekuwa unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine alfajiri, wakati umande bado uko juu ya majani na upepo haujaamka, ili unga ushike. Kilomita chache kutoka Mtwara mjini kuna kituo cha utafiti cha Naliendele, ambako wataalamu wameutafiti mti huu na magonjwa yake kwa miongo kadhaa.

Kuvu wamo kwenye biolojia ya sekondari, salfa imo kwenye kemia, unyevu na upepo vimo kwenye jiografia. Mwanafunzi wa Tandahimba anaweza kukariri vyote vitatu kwa ajili ya mtihani wa Novemba, huku baba yake anapuliza salfa saa nne asubuhi, jua limeshapanda, na unga wote unapeperuka kwenda kwa jirani. Elimu na shida vinalala nyumba moja, lakini havijawahi kusalimiana.

Hebu tufikirie somo likipangwa vingine. Mwalimu wa biolojia anawapeleka wanafunzi kwenye mkorosho ulio nyuma ya darasa. Wanahesabu vishada vya maua kwenye tawi moja, wanahesabu vilivyoota unga mweupe, wanaandika tarehe, wanarudi wiki inayofuata kuhesabu tena. Mwalimu wa hisabati anachukua daftari lile lile. Tuseme maelekezo ni gramu 250 za salfa kwa mti mmoja kila raundi, na shamba la nyumbani lina mikorosho 60. Hizo ni kilo 15 kwa raundi. Raundi zikiwa 5, ni kilo 75, yaani mifuko 3 ya kilo 25. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo anajua kama mifuko miwili iliyopo stoo inatosha au haitoshi, na anaweza kumwambia baba yake mwezi mmoja kabla.

Shida nyingine ya kule inaitwa kangomba. Ni ile biashara ya kumnunulia mkulima korosho nje ya utaratibu, mara nyingi kabla ya msimu, wakati ana mgonjwa au hana chakula, kwa bei ya kutupa. Serikali imeikataza, lakini mwenye njaa hasomi tangazo. Tuseme mama amepokea shilingi 100,000 mwezi Julai kwa ahadi ya kutoa kilo 100 msimu ukifunguliwa mwezi Oktoba. Mnadani bei ikafika shilingi 2,500 kwa kilo. Korosho aliyoitoa ilikuwa na thamani ya shilingi 250,000. Amelipa deni la laki moja kwa laki mbili na nusu, yaani riba ya asilimia 150 kwa miezi mitatu. Hata ukiondoa makato ya ushirika, bado ni pigo. Hesabu za riba zinafundishwa sekondari, kwa mifano ya benki ambazo watoto wengi hawajawahi kuingia. Kwa nini mfano usiwe huu unaokula nyumbani kwao kila mwaka?

Tangu mwaka 2007 korosho za kusini zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa, unapangwa daraja, anapewa stakabadhi, kisha anangoja mnada na malipo. Utaratibu huu una faida zake, lakini unamtaka mkulima ajue kusoma mizani, ajue makato yanavyokwenda, na ajue kusimama kwenye mkutano mkuu wa chama akauliza. Ni wangapi wanaoweza? Somo la Kiswahili likimfundisha mtoto kuandika muhtasari wa mkutano, na mafunzo ya uraia yakampa katiba ya chama cha msingi aichambue, baada ya miaka michache mikutano ile itakuwa na watu wa kuuliza maswali magumu. Sijui mkaguzi gani angelinda mali ya wakulima kuliko hao.

Na sehemu kubwa ya korosho yetu bado inaondoka ghafi, kwenda India na Vietnam, huko ndiko inakobanguliwa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, ndiyo maana kina mama wanaobangua kwa mkono vidole vyao huwa vyeusi vimebabuka. Mafuta hayo hayo viwandani yanatumika kutengenezea vitu kama bitana za breki. Maabara ya kemia mkoani Mtwara isipoongelea mafuta hayo, itaongelea nini?

Jamii haihitaji mada tu, inahitaji pia shule ijue kalenda yake. Korosho huokotwa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Kila mwalimu wa kusini anajua madawati yanavyopungua watu wakati huo. Tunaweza kuendelea kuwatisha wazazi kwa barua za mtendaji wa kijiji, au wilaya ikakaa na wazazi ikapanga saa za masomo, zamu za nyumbani na siku za mapumziko kwa kufuata msimu. Hata jando na unyago, ambavyo kwa muda mrefu vilionekana kuwa adui wa shule, katika maeneo mengi viongozi wamezungumza na wazee vikahamishiwa wakati wa likizo. Wazee walikubali kwa sababu walishirikishwa. Tena tusisahau kwamba kungwi alikuwa mwalimu kabla ya serikali kuajiri mwalimu, na alijua vizuri kwa nini anafundisha kila alichofundisha.

Najua kuna msikilizaji anayesema: ina maana mtoto wa mkulima wa korosho afundishwe korosho ili abaki kwenye korosho, na mtoto wa mjini afundishwe udaktari? Ni swali zito, wala si jipya. Jibu langu ni hapana, tena hapana kubwa. Hospitali ya Newala inahitaji daktari, mahakama ya Masasi inahitaji hakimu, Naliendele inahitaji mtafiti. Hayo nayo ni mahitaji ya jamii. Mtoto aliyejifunza kuvu kwa kuwahesabu kwenye tawi atakuwa mwanabiolojia bora kuliko aliyewakariri kwenye ubao, awe atabaki Tandahimba au atakwenda Chuo Kikuu. Kinachomfunga mtoto ni elimu duni, na elimu duni inaweza kuwa ya vitabu au ya jembe.

Tena mahitaji ya jamii hayasimami mahali pamoja. Mwaka 1982 iligunduliwa gesi asilia Mnazi Bay, karibu na Msimbati, hapo hapo Mtwara. Mwaka 2013 mkoa ule ulitikiswa na vurugu kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Kilio cha wananchi kilikuwa: sisi tunapata nini? Mgogoro ule ulikuwa na vyanzo vingi, sitadai kwamba shule peke yake ingeuzuia. Lakini piga hesabu na mimi. Kati ya 1982 na 2013 ni miaka 31. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule gesi inagunduliwa alikuwa mtu mzima wa miaka 31 vurugu zile zilipotokea. Kulikuwa na muda wa kutosha kumtoa darasa la kwanza hadi kuwa mchomeleaji wa mabomba, fundi mitambo, mhandisi, mwanasheria wa mikataba. Shule zinazotazama mahitaji ya jamii hutazama pia yale ya miaka 20 ijayo, kwa sababu fundi haoti kwa msimu mmoja.

Jambo jingine ni lugha. Elimu yetu ya sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Binti wa Newala anajifunza habari za kuvu kwa Kiingereza, anaandika mtihani kwa Kiingereza, kisha anarudi nyumbani na hawezi kumweleza mama yake kwa nini salfa inapulizwa alfajiri, maana maarifa yale hayajawahi kupita kwenye lugha ambayo yeye na mama yake wanazungumza. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa. Lakini elimu ambayo haiwezi kuelezwa jikoni haijaifikia jamii. Angalau kila somo liwe na kazi ambayo mwanafunzi anaieleza kwa Kiswahili mbele ya wazazi, nayo ipewe alama.

Sasa tuna nafasi mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na imefungua mikondo miwili sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali, yaani ya stadi za kazi. Baadhi ya shule zilianza kupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza wa amali Januari 2024. Hili ni jambo jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Ila tumeshawahi kupita njia inayofanana na hii. Katika miaka ya 1970 sekondari zetu zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Palipokuwa na walimu na vifaa, kama kwenye shule za ufundi za Ifunda na Moshi, walitoka mafundi waliojenga nchi. Pasipokuwa na vifaa, mchepuo ulibaki ubaoni.

Kwa hiyo amali isiwe mahali pa kuwaweka walioonekana hawawezi. Siku mzazi mwenye uwezo atakapompeleka mwanawe amali kwa hiari yake, ndipo tutajua imepewa heshima. Karakana iwe na vifaa kabla ya kuwa na kibao cha mlangoni. Na amali ya kila shule ichaguliwe kwa kutazama mahali ilipo. Cherehani zina faida, lakini haiwezekani kila shule nchini ipewe cherehani. Mtwara wabangue na kusindika korosho, na wajifunze mitambo ya gesi. Kando ya Ziwa Victoria wajenge mitumbwi na kuhifadhi samaki. Kwa wafugaji, watoto wajue chanjo, malisho na ngozi. Na yule fundi mashuhuri wa mtaa, ambaye hana cheti lakini kila mashine ikiharibika inapelekwa kwake, aitwe shuleni, alipwe posho yake, asimame mbele ya darasa afundishe anachokijua.

Nani aamue haya? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wizara itoe mwongozo wa taifa, ihakikishe hisabati ya Mtwara na ya Arusha ina uzito mmoja, ili mtoto akihama asipotee. Lakini mifano, miradi, kalenda na aina ya amali, hayo yajadiliwe na wanaolala kwenye kitanda hicho. Kila shule ya msingi ina kamati yake, na kila sekondari ya serikali ina bodi. Leo vikao hivyo vingi vinaitwa kujadili michango, matundu ya vyoo na chakula cha mchana. Ni mambo ya lazima. Ila ni lini mara ya mwisho kikao cha wazazi kilijadili kinachofundishwa?

Nakuomba, msikilizaji mwenye mtoto shuleni: kikao kijacho usikose. Mwalimu mkuu akimaliza habari ya michango, nyoosha mkono. Uliza watoto wetu wanajifunza nini kuhusu kazi inayotulisha hapa. Uliza wanachojifunza kinapimwa wapi, maana kisichopimwa kitaachwa. Kisha toa na wewe: shamba lako liwe mfano wa somo, stakabadhi zako za mwaka jana ziwe hesabu za darasa, au ujuzi wako wa ufundi uwe kipindi kimoja kwa wiki. Mwalimu peke yake, akiwa na wanafunzi 70 au zaidi na kitabu kimoja, hawezi kuijua shida ya kila nyumba. Sisi tunaijua, na ni wajibu wetu kumpelekea.

Na wewe mwalimu unayenisikiliza, huna haja ya kungoja mtaala mwingine uandikwe. Kesho unapofundisha asilimia, anza na bei ya mnada wa wiki hii.